Plastiki ya nyumbani izuiwe dukani, si ufukweni

Ukitaka kujua plastiki inaingiaje majumbani mwetu, usianzie baharini. Anzia duka la mtaani saa moja usiku, pale Magomeni ya Bagamoyo au Dunda, wakati wa watoto kutumwa. Mtoto anafika na noti imekunjwa kiganjani. Anataka mafuta ya kula ya mia tano, sukari robo na sabuni ya unga pakiti moja. Mangi, yaani mwenye duka, anachota mafuta kwenye ndoo kwa kipimo chake, anayamimina kwenye kinailoni chembamba, anakizungusha na kupiga fundo. Sukari nayo inapata nailoni yake. Kisha vyote vinatumbukizwa kwenye nailoni ya tatu, mtoto asije akadondosha njiani. Nyumbani mama anatoboa kinailoni kwa jino, mafuta yanaingia kikaangoni, na kinailoni kinaishia nyuma ya jiko. Kazi yake imekwisha kabla vitunguu havijaiva.

Nyumba nyingi za pwani hii, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupitia Mapinga na Kerege, hadi Mlingotini na Kaole, zinaishi kwa kupima. Kipato cha leo kinanunua chakula cha leo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya plastiki iliyomo ndani mwetu hatukwenda kuinunua; tulifungiwa ndani yake kitu tulichokihitaji. Ndiyo maana mahubiri ya kutotupa taka ovyo hayafiki mbali. Yanamkuta mtu mwisho wa safari, nailoni ikiwa mkononi na haina pa kwenda. Mimi nasema mahali pepesi, pa bei nafuu na pa haki pa kupunguza plastiki ya nyumbani ni kaunta ya duka, kabla fundo halijapigwa.

Tusianze kwa kuilaumu sheria. Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania Bara ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, wengi walidhani ni vumbi la wiki mbili. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008, na Kenya Agosti 2017 kwa adhabu nzito. Kanuni zetu ziliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000 kwa anayekutwa anautumia mfuko huo, na hadi shilingi bilioni moja kwa anayeutengeneza au kuuingiza nchini. Mifuko ya rambo na malboro iliyokuwa ikipepea kwenye michongoma na kuziba mitaro ilipungua huku tukiona. Serikali ikikaza uzi, mambo yanawezekana.

Lakini kanuni zile zililenga mfuko wa kubebea. Vifungashio vya dawa, vya viwandani, vya kilimo na vya vyakula viliachwa, kwa sababu zinazoeleweka. Mlango huo mdogo ukatosha. Nailoni laini zisizo na mikono, zilizokusudiwa kufungia bidhaa, zikaanza kubeba nyanya, mikate na nyama, na mwaka 2021 Serikali ikalazimika kurudi kuvikataza vifungashio kutumika kama vibebeo. Ukienda gengeni leo utavikuta. Upande wa pili ikaja mifuko mbadala, ile ya rangirangi inayofanana na kitambaa. Mingi yake ni polipropilini, yaani nayo ni plastiki, ila imetengenezwa kwa mtindo mwingine. Sogeza ncha yake kwenye moto uone: inajikunja na kuyeyuka, wakati kitambaa cha pamba kingeacha jivu. Ukiutumia mfuko huo mwaka mzima umefanya jambo la maana. Ukinunua mpya kila uendapo sokoni, umebadilisha rangi ya taka tu. Sheria iliondoa kitu, haikugusa mazoea yetu ya kutoka nyumbani mikono mitupu, na mazoea yakajitafutia kitu kingine.

Wapo watakaosema taka za Bagamoyo zinatoka Dar es Salaam. Wana hoja. Mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma huzidi nguvu. Masika yakikolea, Mto Msimbazi na vijito vya Mbezi na Tegeta, pamoja na Mpiji unaotenganisha Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, hukokota kila kilichotupwa mitaroni na kukimwaga baharini, na mkondo hukipandisha huku kwetu. Pita kwenye mikoko ya Kaole maji yakiwa yametoka, utaona chupa na kandambili zimenasa katikati ya mizizi. Lakini kilichomo uani kwetu na kwenye mtaro wa njia ya sokoni hatuna wa kumsingizia. Isitoshe, kinachotoka Bagamoyo nacho hakitulii Bagamoyo. Kinapanda kuelekea Saadani na Pangani. Kila mji wa pwani una wa kumlalamikia upande wa kusini, na una wa kumwomba radhi upande wa kaskazini.

Tunacho kipindi cha kuokota. Rais John Magufuli aliigeuza sherehe ya Uhuru ya Desemba 9, 2015 kuwa siku ya usafi, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya kushika fagio nchi nzima. Ni utaratibu mzuri na usife. Lakini aliyewahi kushiriki usafi wa ufukweni anajua kinachofuata: magunia yanajazwa, picha zinapigwa, na bahari ikijaa usiku inaleta mengine. Kusafisha ufukwe peke yake ni kukumba maji ya ngama katika jahazi lisilokalafatiwa. Mikono inachoka, na maji yanaendelea kuingia palepale.

Wengine wanaweka matumaini yao yote kwenye kurejeleza. Nako tusidanganyane. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba katika taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015, ni asilimia 9 tu ndizo zilizokuwa zimerejelezwa. Hapa kwetu kazi hiyo inabebwa na waokota makopo, watu wanaostahili heshima kuliko wanayopewa. Angalia wanachookota: chupa za maji na soda, madumu, ndoo zilizopasuka, viti vilivyovunjika. Hivyo vina uzito, na mnunuzi wa chakavu anapima kwa kilo. Kinailoni kilichobeba mafuta ya mia tano hakuna anayekiinamia. Ni chepesi, kimejaa grisi na mchanga, na vingapi vitatimiza kilo? Kwa hiyo ile plastiki inayotapakaa zaidi ndiyo ambayo soko la chakavu haliitaki kabisa.

Huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani kumi za taka za plastiki, likapambwa kwa vipande vya kandambili. Lilishushwa majini Septemba 2018 na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar likihubiri habari hii bandari kwa bandari. Ni kazi ya mikono ya kupigiwa saluti. Lakini jahazi lile lilitaka plastiki ngumu. Vinailoni vya kupimia mafuta haviundi hata pezi la usukani.

Vinaishia wapi, basi? Vingi vinaishia jikoni. Mkaa ukigoma kushika, hasa asubuhi za masika, mkono unakwenda kwenye lundo la nailoni nyuma ya jiko. Moja inawekwa katikati ya mkaa, kiberiti kinapigwa, inadondosha matone ya moto na moshi mweusi unapanda. Dakika mbili baadaye jiko linaunguruma, na aliyeinama juu yake akilipepea ni mama mwenye mtoto mgongoni. Plastiki ikiungua kwa moto hafifu kama huo hutoa masizi na gesi zenye sumu, na baadhi ya aina zake hutoa dioksini. Si kila jambo la mazingira liko mbali kwenye matumbo ya kasa. Hili liko ndani ya vifua vyetu. Vifuu na makumbi vinawasha jiko vizuri tu, na pwani hii havijawahi kuadimika.

Sasa tuje kwenye yanayowezekana, na nianze na lililo jepesi kuliko yote: chombo cha kutumia mara zote. Kila nyumba iwe na chupa moja ya mafuta ya kula yenye kifuniko kinachobana na kopo moja la sukari, viwe vya safari ya dukani. Mtoto akitumwa, anatumwa navyo. Sisemi jambo geni. Mafuta ya taa tuliyanunua miaka yote kwa chupa au kidumu tulichokuja nacho, na hakuna mwenye duka aliyeona ajabu. Maziwa ya ng'ombe hadi leo yanafuatwa kwa chupa. Mangi naye hapotezi kitu, kwa sababu mafuta huyapima kwa kipimo chake kwanza ndipo anayamimina. Yakiingia kwenye kinailoni au kwenye chupa ni yaleyale. Sukari ina kizungumkuti kidogo cha uzito wa kopo, nacho kinatatuliwa kwa kuweka kopo tupu kwenye mizani kwanza. Kwenye mizani ya kidijitali ni kubonyeza kitufe kimoja.

Na kwa kuwa nailoni si za bure, bali mwenye duka huzinunua kwa pakiti na kuzipachika kwenye bei, hapa pana nafasi ya kibiashara. Anayekuja na chombo apewe nyongeza: tone la mafuta, punje za sukari. Mteja wa pwani anaijua nyongeza tangu anatambaa, na duka linalotoa nyongeza halikosi watu. Muuzaji mmoja akianza, wa jirani yake atalazimika kufuata, wala hapatahitajika semina.

La pili ni kikapu. Tunaishi kwenye pwani ya minazi na mikindu, na bado wapo kina mama wanaosuka ukili. Kikapu cha ukili kinachukua nyanya, mchicha, nazi na dagaa wakavu bila kulalamika. Samaki mbichi wanataka kingine. Pale soko la samaki, mnada ukiisha na umebahatika kupata fungu la vibua, ndoo ndogo yenye mfuniko ndiyo jibu. Haivuji kwenye bodaboda na inaoshwa ikaanikwa. Samaki wa kukaanga na maandazi yanaweza kufungwa kwenye jani la mgomba, ambalo pia linaondoa wino wa gazeti midomoni mwetu. Asiyekuwa na kikapu achukue kiroba kilichokwisha unga, akishonee mikono. Nacho ni plastiki, ndiyo, lakini kimekwisha kuingia nyumbani. Kitumikishwe hadi kichakae.

La tatu ni sabuni. Vipakiti vidogo vya sabuni ya unga, shampuu na majani ya chai vimetengenezwa kwa tabaka za plastiki zilizogandishwa pamoja, wakati mwingine na karatasi ya aluminiamu, na hakuna mnunuzi wa chakavu anayevitaka. Lakini sabuni ya mche inakatwa kipande kwa kisu na kuuzwa ikiwa tupu kabisa, na nguo inatakata. Wanaopenda ya unga wanaweza kutumia akili ya vikoba: kina mama wa kikundi kimoja wananunua mfuko mkubwa, wanagawana kwa kipimo, kila mtu na kopo lake. Wakipiga hesabu watakuta na bei imeshuka, kwa sababu anayenunua kidogokidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila gramu.

Nepi za kutupa nazitaja kwa kifupi. Mama anayetoka alfajiri kwenda kazini hana wa kumfulia, na sitamkalia kikao. Anayeweza, winda za kitambaa mchana na ya kutupa usiku ni nafuu kwa mfuko wake na kwa shimo la taka.

La nne ni maji, na hapa mambo ni mazito kidogo. Watu hawanunui maji ya chupa kwa kiburi. Wananunua kwa sababu hawana imani na bomba. Inachekesha na inasikitisha, kwani maji ya mtambo wa Ruvu Chini yanayonywewa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam yanatoka wilaya hiihii ya Bagamoyo. Kwa nyumba yenye uwezo, jagi kubwa la lita 20 linalorudishwa dukani na kujazwa upya linafuta chupa 40 za nusu lita kila linapokwisha. Kwa nyumba isiyo na uwezo huo, kuchemsha mpaka maji yatokote, au kutumia dawa ya klorini, kisha kuhifadhi kwenye mtungi au ndoo yenye mfuniko na bomba, bado ni njia salama. Mtoto wa shule akiwa na chupa yake ya kujaza nyumbani, hana haja ya maji ya kandoro, yale ya kwenye nailoni, wakati wa mapumziko.

Hapo nimezungumzia nyumba katika siku za kawaida. Lakini plastiki ya siku ya kawaida ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya siku ya shughuli. Nenda kwenye ua uliotoka kufanya harusi, hitima au maulidi, asubuhi yake. Chupa za maji zimelala chini ya viti, nyingi zimenywewa nusu tu, kwa sababu mgeni aliiweka chini akainuka kusalimia na aliporudi hakujua ipi ni yake, akachukua nyingine. Pembeni kuna rundo la vibebeo vya chakula vya plastiki na vijiko vyeupe vilivyokatika. Yote haya yamelipiwa na kamati, kwa michango yetu wenyewe.

Nasi ndio watu wa sinia. Pilau la watu sita kwenye sinia moja, maji ya kunawa kwenye birika, maji ya kunywa kwenye jagi na bilauri: shughuli za pwani zilikwenda hivyo vizazi na vizazi, na hakuna aliyeondoka na njaa. Vyombo vilitoka kwa majirani au msikitini, vikahesabiwa, vikaoshwa, vikarudi. Hata futari inayopelekwa kwa jirani huwekwa kwenye bakuli lililofunikwa kawa, na bakuli hilo lina adabu yake: halirudi tupu. Leo wapo wanaokodisha sahani na bilauri kwa mamia, na madafu yapo. Kinachotuzuia ni dhana kwamba chupa ya kiwandani ndiyo heshima ya mgeni. Mgeni anayepewa maji ya baridi kwenye bilauri safi hajadharauliwa.

Kuna atakayeniuliza: unambebesha mzigo mama wa mafuta ya mia tano, wakati viwanda na hoteli vinafanya biashara? Swali ni la haki. Mama huyo ni miongoni mwa watumiaji wa kiwango kidogo kabisa duniani, na mimi sitaki atozwe faini wala asimangwe. Ninachompendekezea kinampunguzia gharama. Mzigo wenyewe una wenyewe.

Chukua mfano wa soda. Kwa miaka mingi ilikuja kwenye chupa ya kioo. Uliinywa palepale dukani, au uliacha hela ya chupa, au ulikwenda na chupa tupu. Kreti ya tupu ilirudi kiwandani kwa lori lilelile lililoleta zilizojaa. Hukuziona ufukweni, kwa kuwa zilikuwa na thamani na zilikuwa na mwenyewe. Ilipokuja soda ya chupa ya plastiki, kiwanda kilijivua kazi ya kukusanya, kuosha na kujaza tena, na kazi hiyo akapewa mwokota makopo, halmashauri na bahari. Kurudisha utaratibu wa hela ya chupa hakuhitaji uvumbuzi. Ujerumani tangu 2003 inatoza amana kwenye chupa za kutupa, leo ikiwa senti 25 za Yuro, na chupa zaidi ya tisa kati ya kumi zinarudi. Kenya nayo ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi wa taka inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, tuna chombo cha Taifa cha kusimamia mazingira, na tuna wazee wote wanaokumbuka jinsi hela ya chupa ilivyofanya kazi.

Tusingoje dunia itutangulie. Machi 2022, mjini Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Vikao vya Busan mwishoni mwa 2024 na Geneva Agosti 2025 vyote viliachana bila makubaliano, kubwa likiwa mvutano juu ya kupunguza uzalishaji wenyewe. Nchi zenye mafuta na viwanda vya plastiki hazina haraka. Pwani yetu inayo, kwa sababu taka zikishapanda mkondo hakuna kikao kitakachozirudisha.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na hayahitaji mfadhili. Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo ianze na kwake: vikao vyake na semina zake ziwe na majagi na bilauri, kisha iweke sharti hilohilo kwa hoteli na kumbi inazozipa leseni. Wenyeviti wa vitongoji wakae na wenye maduka wa vitongoji vyao, wakubaliane juu ya nyongeza kwa anayekuja na chombo, na tangazo libandikwe kaunta kwa maandishi makubwa. Na kamati za shughuli, ambazo mara nyingi zina nguvu kuliko halmashauri, zifungue daftari la bajeti kabla ya harusi ijayo, zifute mstari wa maji katoni kadhaa, na mahali pake ziandike: bilauri za kukodi, majagi, na watu wawili wa kuosha vyombo.